Mabeseni Hayamo Kabatini

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo ameletwa msichana. Madam Sarla, bosi wetu, aliingia naye ofisini saa mbili na nusu, akamsimamisha mbele ya meza yangu kama anayeonyesha friji mpya, akasema anaitwa Nakhungu, ni mtu wa upande wa Busia, na kuanzia leo "mtasaidiana" kwenye mfumo.

Kusaidiana. Mfumo huu niliuandika mimi Wahu, peke yangu, miaka sita iliyopita, wakati Madam alikuwa bado anapokea maombi ya barafu kwa simu na kuyaandika nyuma ya kalenda. Akina mama wauza samaki kando ya ziwa kuanzia Dunga hadi Port Victoria wanaagiza barafu kwa mfumo huo, na kila alfajiri malori ya kiwanda yanatoka hapa Kisumu na orodha ambayo mfumo huo umeitoa. Katika miaka hiyo sita sijawahi kuomba msaada.

Kwa sababu sina mtu wa kumwambia haya bila kuonekana mbaya, nitaliambia daftari hili. Lina picha ya tausi kwenye jalada, alinipa dada yangu Shiku nikalitupa kabatini. Nakhungu ana miaka ishirini na sita na anatabasamu kabla ya kuongea. Nimempa kile kiti chenye gurudumu bovu.

Jumanne, 4 Machi

Amekitengeneza kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Joto la kuchemsha mayai. Mvua bado.

Nakhungu amekuwa akisoma kazi yangu siku nne, kimya, na kalamu mkononi. Leo ameniuliza kwa heshima kubwa (heshima yake ndiyo inayonikera zaidi) kwa nini kila ukurasa unaandika kwenye sesheni vile unavyotaka.

Nieleze, maana siku moja nitasoma haya nikiwa mzee na nimesahau. Mtu anapoagiza barafu, anapita ukurasa mmoja baada ya mwingine: jina, ufuo, idadi ya mabonge, siku. Seva, kompyuta inayoendesha mfumo, haina akili ya kumkumbuka kutoka ukurasa huu hadi ule, kwa hivyo inawekewa kumbukumbu ya muda, ndiyo sesheni. Katika mfumo wangu, ukurasa wowote unaweza kutia humo chochote kwa jina lolote. Kuna mteja, kuna mteja2, kuna mteja_mpya, ambaye si mpya tena. Nakhungu ameyahesabu majina hayo yote na kuniambia ni arobaini na moja.

Nilimjibu kwamba nayajua yote kwa kichwa. Akasema, "Hiyo ndiyo inaniogopesha, dada Wahu."

Nilienda kuchukua chai na nikakaa huko mpaka ikapoa.

Jumatano, 12 Machi

Ameleta njugu za kukaanga. Ofisi nzima imekula. Mimi nilikuwa na kidonda cha mdomo.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeumia leo, nasema wazi.

Kuna kasoro katika mfumo wangu ambayo ninaifahamu. Mara nyingine jina la mteja wa kwanza linabaki kwenye sesheni, linaingia kwenye agizo la mteja wa pili, na barafu ya mama huyu inaandikwa kwa yule. Kila jioni, kabla orodha haijachapishwa, mimi hukaa nusu saa nikinyoosha majina kwa mkono. Nani aliagiza nini naweza kubashiri, nawajua hao akina mama. Madam aliiona hiyo nusu saa kuwa bidii, na sikuwahi kumwambia ni kiraka.

Katika kikao cha leo Nakhungu amemweleza. Hakunitaja kwa ubaya, hapana, yeye hataji mtu kwa ubaya. Alisema tu kwamba anataka kutengeneza kipande kimoja cha programu kitakachoshika sesheni yote. Amekiita Kabati. Hakuna ukurasa utakaogusa sesheni tena, kila ukurasa utalazimika kuiomba Kabati: nipe mteja, weka mabonge, futa agizo. Ndani ya Kabati kila kitu kina mahali pake, na mama mpya akichaguliwa Kabati inasafisha vyote vya mama aliyetangulia, visimfuate mwenziwe. Ukitaka kujua nini kinaingia na nini kinatoka unasoma faili moja tu.

Madam aliweka kalamu chini. Kwa miaka sita sijamwona akiweka kalamu chini mtu akieleza mambo ya kompyuta. Akasema, "Kwa hivyo mtu yeyote anaweza kufungua hiyo faili moja na akaelewa?" Nakhungu akasema ndiyo. Madam akanigeukia, akicheka, akasema sasa hata mimi naweza kwenda likizo.

Nilicheka pia. Nilipofika nyumbani Migosi nilisugua sufuria ambazo zilikuwa safi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Barabara ya kwetu imekuwa matope.

Kitu kinachoniuma ni kwamba Kabati ni wazo zuri. Lingekuwa baya ningelala.

Alhamisi, 27 Machi

Tumeenda Port Victoria, mimi na yeye, akaone ufuo wenyewe.

Huko kuna Nasambu, karani wetu wa ufuoni, mwenye simu ya kampuni. Akina mama hawana haja ya kuwa na simu janja, wote wanaagiza kupitia kwake. Nasambu ni rafiki yangu. Nilimfundisha mimi, tukiwa tumekaa kwenye kreti zilizopinduliwa, na watoto wake wananiita auntie Wahu. Nilimletea mkate na siagi kama kawaida.

Alimsalimia Nakhungu kwa Kiswahili, Nakhungu akamjibu kwa Kinyala, lugha ya kwao. Basi. Wakaulizana kwao ni wapi, mama ni nani, wakakuta kuna shangazi wanayemjua wote, na kutoka hapo mimi nilikuwa mgeni aliyekaa na mkate mapajani. Walicheka kitu, nikauliza ni nini, Nasambu akasema, "Aii, ni mambo ya kwetu tu, Wahu." Mambo ya kwao. Miaka sita nimekula samaki nyumbani kwa huyu mwanamke.

Nakhungu alijaribu Kabati kwenye simu ya Nasambu. Walikuwepo wanawake wawili tu, ziwa lilikuwa limechafuka na boti chache ziliingia. Kila mmoja aliagiza akamaliza. Ikafanya kazi bila tatizo.

Jumanne, 1 Aprili

Nasambu alikuwa na swali kuhusu simu. Amempigia Nakhungu. Nimemsikia akicheka kwenye simu kutoka upande wa pili wa chumba.

Jumatano, 2 Aprili

Amempigia tena.

Alhamisi, 3 Aprili

Na tena. Simu yangu ina chaji, ina mtandao, nimehakikisha.

Jumatano, 9 Aprili

Hili nitaliandika lote.

Pale Port Victoria wana desturi ya kuweka beseni. Mwanamke akifika kwa karani na kukuta foleni, au akiwa hajajua ataletewa samaki wangapi, anaweka beseni lake chini kwenye mstari na kwenda zake, kumpigia simu mwenye boti au kuonja uji. Mstari ukisonga, yeyote aliye karibu analisukuma beseni la mwenziwe kwa mguu. Nafasi yako inalindwa na wote. Sijawahi kusikia beseni limerukwa.

Mwaka ule wa kwanza mfumo wangu ulivunja desturi hiyo bila kujua. Nasambu alianza agizo la mama mmoja, mama akaenda kumpigia mwenye boti, Nasambu akachagua mama wa pili, na la kwanza likapotea. Akina mama walikasirika. Nilikaa nao siku tatu ufuoni, nikaelewa, nikaandika kitu kidogo cha ujanja: Nasambu akichagua mama mwingine, agizo lililoachwa nusu linahifadhiwa pembeni kwenye sesheni, na ikifika saa kumi na moja jioni orodha inapofungwa, kila lililoachwa nusu linahesabiwa kama kiwango cha kawaida cha mama huyo. Kwenye simu hakuna kinachoonyesha kwamba limehifadhiwa. Nasambu anajua tu kwamba likiachwa, lipo. Nililiita jina la haraka haraka, x7, nikiwa nimekaa kwenye kreti na jua likinichoma shingo. Sikuwahi kuliandika popote. Katika kazi zangu zote hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu siku hiyo akina mama walinipigia vigelegele.

Leo Nakhungu ameleta kompyuta yake mezani kwangu. Ameshahamisha majina arobaini kuingia Kabati. Limebaki moja, limo kwenye faili la zamani lenye mistari isiyoeleweka. Akauliza, "Dada Wahu, hii x7 ni ya nini?"

Nilikuwa nimetoka kumsikia akiongea Kinyala kwenye simu, dakika kumi nzima.

Nikasema, "Ni ya zamani. Haitumiki. Ifute tu."

Akasema asante. Akaifuta nikiwa naangalia.

Ijumaa, 11 Aprili

Nitamwambia Jumatatu.

Isitoshe, mwenye kubadilisha mfumo wa watu ndiye anayepaswa kuuchunguza. Mimi nilikaa siku tatu kwenye kreti. Yeye alikaa saa mbili na akaondoka na samaki wa zawadi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sikumwambia. Madam alikuwa amekaa mezani kwake.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Shiku alikuja na watoto. Nilimsimulia habari za Nakhungu, jinsi anavyojipendekeza, jinsi anavyojifanya mnyenyekevu. Shiku alikuwa anamenya viazi. Akaniuliza huyo msichana amenikosea nini hasa. Nikafikiri. Nikamwambia ametengeneza kiti. Shiku aliniangalia, akaendelea na viazi.

Sikumwambia kuhusu x7. Kama ingekuwa kitu kidogo, ningemwambia.

Jumatatu, 28 Aprili

Kabati imeanza kutumika leo. Saa kumi na moja jioni orodha imetoka safi, hakuna jina hata moja lililoingia kwa mwenziwe. Nilikaa ile nusu saa yangu ya kunyoosha na sikuwa na cha kunyoosha. Madam ameagiza keki. Imeandikwa KABATI kwa sukari ya buluu.

Keki ilikuwa nzuri. Nilikula vipande viwili kwa hasira.

Jumanne, 29 Aprili

Nilitegemea simu kutoka Port Victoria. Hakuna. Baadaye nimeelewa sababu: umeme ukiwepo, kiwanda kinatoa barafu nyingi kuliko maagizo, na dereva hubeba ya ziada. Mama ambaye beseni lake limepotea anapata ya ziada, wala hajui. Orodha inakuwa na maana siku barafu ikipungua tu.

Na barafu hupungua umeme ukikatika, na umeme hukatika mvua ikinyesha kwa upepo.

Basi nimekuwa mtu wa kuangalia mawingu. Mchana yanakusanyika juu ya milima ya Nandi, nasema leo namwambia, kisha yanatawanyika, nasema bado kuna muda. Nasikia aibu kuandika kwamba kuna upande wangu unaokasirika yakitawanyika.

Jumatano, 30 Aprili

Saa saba mchana upepo uling'oa mabati upande wa Nyalenda na umeme ukazima eneo lote la viwanda. Jenereta iliendesha mashine moja kati ya tatu. Madam akatoa amri: malori yabebe kilichomo kwenye orodha tu, hakuna ya ziada.

Nakhungu alikuwa amekaa hatua nne kutoka kwangu. Saa nane. Saa tisa. Saa kumi nilisimama, nikaenda mpaka mezani kwake. Akainua uso akatabasamu, akasema Nasambu ananisalimia sana, anauliza mbona nimepotea.

Ningesema hapo hapo. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini salamu za Nasambu, kuletewa na yeye, kama mtu anayegawiwa makombo! Nilimwambia amsalimie pia, nikarudi kwenye kiti changu.

Saa kumi na moja orodha ikafungwa.

Alhamisi, 1 Mei

Leo ni sikukuu ya wafanyakazi, lakini samaki hawana sikukuu. Lori lilifika Port Victoria saa tatu asubuhi. Boti ziliingia zimejaa samaki, mbuta wakubwa, siku ambayo akina mama huingojea mwezi mzima. Dereva alisoma majina. Wanawake saba hawakuwemo. Wote saba walikuwa wameweka mabeseni jana.

Mmoja wao ni Milka. Namjua Milka: mwembamba, mkali, hataki kuitwa mama na mtu asiye mtoto wake. Dereva anasema Milka hakupiga kelele. Alimwomba asome orodha tena, polepole. Akasoma. Akamwomba amwonyeshe karatasi. Kisha akaenda kukaa karibu na samaki wake, akawafunika kwa magunia yaliyoloweshwa, akawa anayamwagia maji ya ziwa. Kufikia saa nane mchana jua lilikuwa limeshakuwa kali. Wanunuzi wenye magari walifika, wakafunua gunia, wakanusa, wakafunika. Samaki wa wote saba wamezikwa, mchanga ukarudishiwa juu.

Sikula leo.

Ijumaa, 2 Mei

Madam hakupaza sauti, na hiyo kwake ni mbaya zaidi. Alimwita Nakhungu, mlango wazi. Nakhungu alisema hajui bado kilichotokea, anatafuta. Madam alisema mfumo wa zamani haukuwahi kufanya hivi kwa miaka sita. Alisema miezi mitatu ya majaribio ya Nakhungu inaisha mwisho wa mwezi huu, na Jumatatu ataamua kama kuna haja ya kuingoja. Alipotoka alinishika bega, akasema, "Wahu, ningeuacha mfumo wako ulivyokuwa."

Hayo ndiyo maneno niliyoyatamani tangu tarehe tatu Machi. Nilisema asante, Madam.

Jumamosi, 3 Mei

Nasambu amenipigia. Mimi, si Nakhungu. Kwa wiki tano nimeisubiri simu hiyo na ilipolia nilitamani isilie.

Aliongea polepole. "Wahu, mimi niliweka mabeseni. Vile ulinifundisha. Nilianza ya Milka, nikaacha, nikaanza ya mwingine. Ulisema ikiachwa, iko."

Nikasema ndiyo, nilisema hivyo.

"Sasa hawa wamama wananiambia mimi ndio nilisahau kuandika. Milka hanisalimii. Mimi nimewaambia labda ni kweli, labda nilifinya vibaya. Maanake wewe huwezi kunifundisha kitu ya uongo."

Nikasikia upepo wa ziwa kwenye simu. Akaniuliza kama nitakuja, ni siku nyingi. Nikamwambia nitakuja. Nilikata simu nikakaa sakafuni jikoni, mgongo ukutani. Nilidhani kwamba mambo haya yalikuwa kati yangu na msichana mmoja. Nilikuwa nimemfanya rafiki yangu ajione mwongo mbele ya watu wake, naye bado ananitetea.

Jumapili, 4 Mei

Kanisani. Sijui mahubiri yalihusu nini.

Jumatatu, 5 Mei

Nilifika saa moja na nusu na kumkuta Nakhungu ameshafika. Macho yamevimba. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na faili la zamani, lile lenye x7 aliyoifuta, amelirudisha kutoka kwenye kumbukumbu ya mabadiliko, ambako kila mstari unaonyesha aliyeuandika na tarehe. Mstari wa x7 ulikuwa na jina langu na mwaka ule wa kreti.

Akaniambia bila kunigeukia, "x7 ndiyo mabeseni."

"Ndiyo."

"Ulijua nilipokuuliza."

Akainuka, akavuta kile kiti alichokitengeneza mwenyewe, akakiweka kando yake. Akasema hajamwambia mtu. Akasema amejaribu kuelewa tangu Jumamosi, lakini kuna sehemu moja haielewi: mama akirudi na kuagiza pungufu ya kawaida, ile ya pembeni inafutwaje? "Nifundishe," akasema. "Nataka iingie Kabati kabla ya jioni, hata kama leo ndio mwisho wangu."

Nilikaa. Nikamfundisha. Ilichukua dakika ishirini na tano. Anaelewa haraka, na alipoelewa alisema taratibu, kama anayejisemea, "Hii ni safi sana." Alikuwa na haki ya kunitemea mate na alikuwa anaisifu kazi yangu.

Niandike ukweli, kwa kuwa hakuna mwingine anayesoma. Wivu haukuniacha hapo, ulipanda. Kwanza nilimwonea wivu kwa akili yake, kisha kwa lugha yake, kisha kwa rafiki yangu. Sasa nilikuwa namwonea wivu kwa jinsi alivyo mtu. Mimi nisingekaa kimya siku mbili na siri ya namna ile. Ningekuwa nimeipeleka kwa Madam ikiwa bado moto.

Saa nne Madam akatuita. Alianza na Nakhungu, kuhusu uangalifu, kuhusu watu wanaotegemea kazi yetu. Nakhungu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamngoja aseme. Nilimpa kila nafasi. Hakusema, na nikatambua kwamba hatasema.

Nikasema, "Madam, aliniuliza. Nilimwambia afute."

Madam akadhani nilikosea, akaanza kunifariji, sote tunasahau. Nikamkatiza. Nilisema sikusahau. Nilisema nilijua kazi ya mstari ule, nilijua siku umeme ukikatika watu watakosa barafu, na Jumatano saa kumi nilisimama mbele ya meza ya Nakhungu nikanyamaza. Akaniuliza kwa nini. Nikatafuta sababu kubwa ya kumpa na sikuipata. "Nilimwonea kijicho," nikasema.

Madam aliokota kalamu yake, akaiweka chini, akaiokota. Akamwambia Nakhungu arudi kazini. Akaniambia mimi nisiguse mfumo mpaka atakaponiambia, kwamba Kabati na kila kilichomo sasa kiko chini ya Nakhungu, na kwamba nitaenda Port Victoria kuwaambia wale wanawake saba kwa mdomo wangu.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kutwa.

Jumatano, 7 Mei

Nakhungu ameongeza ujumbe kwenye simu ya ufuoni. Agizo likiachwa nusu, sasa inaandikwa: Beseni limewekwa. Ni maneno mawili tu, na mimi kwa miaka sita sikuyafikiria.

Alhamisi, 15 Mei

Nimetoka Port Victoria na nina matope hadi magotini.

Nasambu alinipokea kwa chai. Nilimwambia yeye kwanza, kabla ya wengine. Alisikiliza, kisha akaifunika chai yake na kisahani, akasema, "Mimi niliwaambia ni mimi." Afadhali angenitukana.

Wanawake walikuwa kwenye foleni ya kuagiza. Nilitaka kuanza kuongea hapo hapo. Nasambu akanizuia, akanipa beseni tupu la plastiki, jekundu, lenye ufa. Akasema hapa kila mtu anaongea na karani kwa zamu, na mimi zamu yangu iko nyuma. Niliweka beseni mwisho wa mstari. Mengine yalikuwa kumi na nne mbele yangu.

Wengine waliweka ya kwao wakaenda zao. Mimi sikuthubutu. Nilisimama juu ya beseni langu kama linaweza kuibwa, na kila mara mstari uliposonga niliinama nikalisogeza mwenyewe, maana nani angenisogezea? Walikuwa wanajua. Habari hufika huko kabla ya mtu. Mbele yangu alikuwa Milka.

Zamu yangu ilipofika niliwaambia wote, kwa sauti, kwa Kiswahili changu cha Kisumu. Kwamba Nasambu hakukosea. Kwamba msichana wao hakukosea. Kwamba mabeseni yao yalikuwepo na mimi ndiye niliyesema yaondolewe, kwa wivu. Mmoja alicheka kidogo, si kwa furaha. Milka aliniuliza swali moja tu. "Ulikuwa unajua majina yetu?"

Nikasema ndiyo, yote saba.

Akatikisa kichwa polepole, kama alivyofanya, nadhani, alipoomba kuiona karatasi ya dereva. Hakuna aliyesema nimesamehewa, na sikuomba.

Kisha Nasambu akachukua simu aandike agizo langu. Nilikuwa nimesema nataka niagize bonge moja moja kwa kila mmoja wa wale saba, liletwe Alhamisi ijayo, kutoka kwenye mgao wangu wa mfanyakazi. Alikuwa ameanza kuandika nilipokumbuka sijui kama Milka atakuwepo siku hiyo au anasafiri. Nikageuka kumwuliza, alikuwa ameshateremka kuelekea kwenye boti. Nikamwambia Nasambu aache hapo, nimkimbilie.

Matope yalinishika mguu na nilichelewa. Niliporudi, mstari ulikuwa umesonga, wanawake wapya wamefika, na nilijua nimepoteza nafasi. Beseni jekundu lilikuwa mbele kabisa, miguuni pa Nasambu. Nikauliza nani amelisukuma. Nasambu akainua simu anionyeshe, jina langu na yale maneno mawili ya Nakhungu chini yake, kisha akanionyesha kwa kidevu upande wa ziwa.

Milka alikuwa amerudi foleni kwa njia ya juu wakati mimi nahangaika na matope, akashuka tena. Alikuwa ameshasimama kwenye maji na beseni lake kichwani, mgongo kwetu, na hakugeuka.